Mombasa hadi Jeddah: Safari ya Miezi 17 Iliyogeuka Saa Nne



Ndugu msomaji, hebu chukua ramani na rula. Weka ncha moja juu ya uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na ncha ya pili juu ya uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah. Utaona mstari umesimama wima kama mlingoti. Uwanja wa Mombasa uko kwenye digrii 39.6 mashariki na ule wa Jeddah uko kwenye digrii 39.2. Hakuna kwenda kulia wala kushoto, ni kupanda juu tu. Umbali wenyewe ni kama kilomita 2,850. Ndege ya abiria huenda kilomita 850 hivi kwa saa, kwa hivyo ukiongeza ule muda wa kupaa na kutua, safari ya moja kwa moja haizidi saa nne. Sisi wanafunzi wa chuo tunaopanda basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi twakaa kwenye kiti mara mbili ya muda huo, na hapo kama hakuna lori lililoanguka njiani!

Wazee wetu wa pwani waliujua mstari huu kabla ya ramani kuchapishwa. Kwao neno kibula lina maana mbili: upande tunaoelekea tukiswali, na kaskazini. Si kwamba walichanganya mambo. Ukiwa Mombasa, Al-Kaaba iko kaskazini kwa tofauti isiyofika hata digrii moja. Baharia aliyeijua nyota ya kaskazini alikijua na kibla chake.

Na mstari huu una hadithi yake. Ukitoka Mombasa unapita karibu na Garissa, unaingia Ethiopia mashariki kidogo ya Moyale, unapita karibu na miji ya Dessie na Mekelle, kisha unatokea baharini karibu na Massawa, Eritrea. Kaskazini ya Mekelle kuna mji mdogo unaoitwa Negash. Husimuliwa kwamba ndipo walipozikwa baadhi ya Masahaba waliohamia Uhabeshi, na hata mfalme Najashi mwenyewe. Msikiti wake uliharibiwa katika vita vya Tigray mwishoni mwa mwaka 2020. Wale Muhajirina wa kwanza, mwaka 615, walivuka bahari kutoka Shuaiba, kusini ya Jeddah, maanake Jeddah haikuwa bado bandari ya Makka. Ibn Saad ameandika kwamba nauli yao ilikuwa nusu dinari. Mmoja wa abiria hao alikuwa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) pamoja na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.). Miaka 30 na zaidi baadaye, mwaka wa 26 Hijria, ni Uthman huyo huyo, sasa akiwa khalifa, aliyeihamisha bandari ya Makka kutoka Shuaiba hadi Jeddah. Kwa hivyo tunapopima umbali wa kwenda Jeddah tunapima hadi mahali palipochaguliwa na mtu aliyeijua bahari ile kwa macho yake.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Ikiwa ni karibu hivyo, mbona babu zetu walichukua mwaka na zaidi kwenda na kurudi?

Kwanza, hakuna aliyepita kwenye mstari ule. Nchi kavu ilikuwa jangwa, milima na vita. Njia ilikuwa bahari, na bahari inazunguka: unapanda pwani yote ya Somalia mpaka Ras Asir, ile pembe ambayo Wazungu huiita Guardafui, unageuka magharibi hadi Aden, unapenya Babul-Mandab, kisha ndiyo unaanza kupanda Bahari ya Shamu. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 4,000. Lakini hata kilomita hizo si tatizo. Jahazi likipata upepo mzuri hazilishindi. Ibn Battuta alipokuja kwetu, mwaka 1331 kwa hesabu ya wanahistoria wengi, alitoka Aden hadi Zeila kwa siku 4, na kutoka Zeila hadi Mogadishu kwa siku 15. Kisha akateremka, akalala Mombasa usiku mmoja, akaendelea Kilwa. Hiyo si kasi mbaya. Lakini alikuwa anateremka na kaskazi mgongoni, na alipotaka kurudi Arabuni aliondoka na kusi hadi Dhofar. Hakurudi siku aliyotaka yeye, alirudi siku aliyotaka upepo.

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi na huleta majahazi kwetu. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba, na huyapeleka juu. Lakini katikati, Juni na Julai, bahari huchafuka na nahodha mwenye akili hatoki. Basi aliyetaka kupanda alikuwa na milango miwili tu kwa mwaka: mwanzo wa kusi, Aprili na Mei, ama wakati wa demani, Agosti na Septemba. Na akishafika Aden ana mtihani mwengine. Katika Bahari ya Shamu, Juni hadi Septemba upepo hutoka kaskazini moja kwa moja na kumjia usoni. Kuanzia Oktoba hadi Mei nusu ya kusini hupata upepo wa kusini, lakini akikaribia Jeddah anaukuta tena ule wa kaskazini. Wengi walingoja Aden, kwani wangefanya nini?

Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi naona halisemwi vya kutosha. Upepo hufuata jua. Hija hufuata mwezi. Mwaka wa jua una siku 365, na wa mwezi una siku 354 ama 355. Kila mwaka Dhulhija hurudi nyuma siku 10 ama 11, na baada ya miaka 33 hivi huwa imezunguka misimu yote. Upepo hausogei. Kwa hivyo urefu wa safari ya Hija haukuwa kitu kimoja. Ulitegemea umezaliwa lini!

Nilikaa na kalamu na karatasi nikapiga hesabu. Chukua mwaka ambao Hija imeangukia Novemba. Hujaji anatoka Mombasa na demani, mwezi wa Agosti. Anafika Jeddah Oktoba, anahiji Novemba, anateremka Aden, anachukua kaskazi ya Disemba, na Januari ama Februari yuko nyumbani. Miezi 6. Sasa chukua mwaka ambao Hija imeangukia mwisho wa Machi. Hawezi kutoka Januari kwa sababu kaskazi inamrudisha. Lazima atoke Agosti ya mwaka wa kabla. Anafika Oktoba na kungoja miezi 5. Anahiji mwisho wa Machi, na akifika Aden kaskazi imekwisha. Lazima angoje mpaka Disemba. Anarudi kwao Januari. Hiyo ni miezi 17, kwa jahazi lile lile na bahari ile ile. Mtoto aliyemwacha ananyonya anamkuta anakimbia.

Katika fiqhi ya Imam Shafii tuliyosomeshwa madrasa, Hija ni wajibu kwa mwenye uwezo, na uwezo si nauli peke yake. Ni masurufu ya kwenda na kurudi, ni njia iwe na amani, na ni kuwaachia wanaokutegemea chakula na mahitaji yao mpaka utakaporudi. Tafakari hilo neno mpaka utakaporudi. Mvuvi wa Lamu ambaye angeweza kuweka akiba ya miezi 6 kwa nyumba yake hakuweza ya miezi 17. Kwa hivyo upepo ulikuwa unaamua, mwaka hadi mwaka, ni nani Hija imemlazimu na ni nani amesamehewa. Muda wa safari haukuwa usumbufu tu, uligusa hukumu yenyewe.

Ama hiyo miezi ya kungoja haikupotea bure kwa kila mtu. Aliyekwama Makka alikuwa amekwama mahali penye darasa kila nguzo. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki Zanzibar mwaka 1925, alisoma Makka na Hadhramaut kabla ya kusomesha huku kwetu, na si yeye peke yake. Habari za masultani wa Kilwa nazo zasema kwamba Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta, alipokuwa kijana mdogo alikaa Aden miaka miwili akisoma, akahiji. Ibn Battuta mwenyewe alikuta masharifu wa Hijazi kwenye baraza yake. Sehemu ya elimu tuliyorithi pwani ililetwa na watu waliokuwa wanangoja upepo. Siwezi kusema kama wangepanda ndege wangesoma kiasi hicho.

Meli za moshi zilikuja kuuvunja utawala wa upepo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta meli za barua kati ya Aden na Zanzibar. Meli ya mwendo wa maili 10 za baharini kwa saa inaweza kuimaliza njia ya Mombasa hadi Jeddah kwa siku 10 hivi, kusi kuwe ama kaskazi. Nahodha hatazami tena nyota, anatazama makaa.

Lakini si kwamba mambo yalikuwa sawa. Meli zilibeba watu wengi kwa pamoja, na maradhi yakasafiri kwa kasi ile ile ya mahujaji. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua watu wanaokisiwa kuwa 15,000 katika Hija, kisha kikaingia Misri na Ulaya. Serikali zikashtuka. Mwaka 1882 Waturuki walifungua karantini kwenye kisiwa cha Kamaran, katika Bahari ya Shamu, na mahujaji waliotoka upande wa kusini walishushwa hapo, wakaoshwa, nguo zao zikapigwa mvuke, wakawekwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa Jeddah. Karantini ile haikufungwa mpaka mwaka 1952. Kwa hivyo siku zilizookolewa na injini zilirudishwa na daktari.

Na kuna kisa cha meli iliyoitwa Jeddah, ambacho ningependa kila kijana akijue. Agosti 1880 ilikuwa imebeba mahujaji karibu 1,000 kutoka Singapore na Penang. Karibu na Ras Asir, pale pale wanapogeukia majahazi yetu, bahari ikachafuka na maji yakaanza kuingia. Nahodha wake Mwingereza na maofisa wake wakaingia kwenye mashua usiku, wakawaacha mahujaji. Meli nyengine ikawaokota, wakafika Aden wakatangaza kwamba Jeddah imezama na watu wote. Siku iliyofuata meli ya Antenor ikaingia bandarini ikiivuta Jeddah, mahujaji wakiwa hai! Walikuwa wamekesha wakiteka maji. Adhabu ya nahodha ilikuwa kunyang'anywa cheti chake kwa miaka 3. Mwandishi Joseph Conrad alikitumia kisa hicho katika riwaya yake ya Lord Jim, na ndiyo maana Wazungu wanakikumbuka, ila wao humkumbuka zaidi yule aliyekimbia.

Kisha ndege. East African Airways ilianza kazi mwaka 1946, na kati ya ndege zake za mwanzo zilikuwa zile za Dakota, zenye mwendo wa kilomita 270 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 2,850 ni zaidi ya saa 10 hewani, bila kuhesabu kutua kutia mafuta. Mwaka 1960 shirika hilo likapata ndege za jeti aina ya Comet, na saa 10 zikawa chini ya 4. Tangu hapo, kwa kweli, muda wa angani haujapungua tena. Ndege za leo haziendi kasi kuliko za mwaka 1960 kwa kiasi cha kujivunia. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikaanzishwa mwaka huo huo.

Jeddah nayo ilibidi ijitanue. Uwanja wa zamani wa Kandara ulikuwa umemezwa na mji, na mwaka 1981 ukafunguliwa uwanja wa Mfalme Abdulaziz pamoja na jengo la mahujaji lenye mahema makubwa 210 yasiyo na kuta, upepo unapita chini yake. Mmoja wa wahandisi wake wakuu alikuwa Fazlur Rahman Khan, Mwislamu mzaliwa wa Dhaka, yule yule aliyebuni mhimili wa jengo la Sears Tower kule Chicago. Alifariki Jeddah mwaka 1982. Anayepita chini ya mahema yale apate kumwombea rehema.

Kasi nayo ina hatari zake. Tarehe 11 Julai 1991 ndege iliyokodiwa kuwarudisha mahujaji wa Nigeria iliruka Jeddah ikiwa na matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Ilijulikana kabla ya kuruka, lakini ratiba ilikuwa imechelewa. Matairi yakawaka moto, na watu 261 wakafa. Mungu awarehemu.

Sasa vijana huuliza: safari ya saa nne, umekaa kwenye kiti, unaletewa juisi, kweli bado yahesabika safari ya kupunguza swala na kufungua saumu? Jawabu lake ni la zamani kuliko ndege. Katika madhehebu yetu safari ndefu ni marhala mbili, yaani maili 48 za Kihashimi, kitu kama kilomita 80 na kitu, mwendo wa siku mbili wa ngamia wenye mizigo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alisema katika Minhaj kwamba bahari ni kama bara, na hata mtu akiukata umbali huo kwa saa moja anapunguza swala. Yaani yeye, katika zama za ngamia, alishaamua kwamba kinachohesabiwa ni umbali, si muda wala tabu. Ndege hukata marhala mbili kwa dakika 6.

Ila dakika hizo zina masharti yake. Mwenye kuhiji ama kufanya umra anayetoka kusini hupita sambamba na Yalamlam, mita chache za tangazo la rubani zikiwa kilomita nyingi chini: kila dakika moja ndege imekwenda kilomita 14. Hujaji wa jahazi alikuwa na siku nzima ya kuoga na kuvaa ihramu. Wewe ukisinzia umepita mikati, kwa hivyo ni bora uvae kabla ya kupanda na utie nia utakapotangaziwa. Na aliyefunga akiwa angani asifuturu kwa saa ya Mombasa wala ya Jeddah, atazame jua lake mwenyewe. Kwenye kilomita 11 juu jua huchelewa kuzama kwa dakika 10 na kitu kuliko kwa watu walio chini yako. Hata hapo ardhini, ingawa Mombasa na Jeddah zinatumia saa moja na ziko kwenye mstari mmoja, magharibi yao hailingani isipokuwa karibu na Machi na Septemba. Mwezi wa Juni Jeddah hufuturu kama dakika 45 baada ya Mombasa, na mwezi wa Disemba hututangulia kwa kiasi hicho hicho.

Basi je, ni saa nne kweli? Kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, ambayo iko kilomita 2,560 hivi kutoka Jeddah, ndiyo, na hazifiki. Lakini mtu wa Mombasa kwa kawaida hupelekwa kwanza Nairobi, ama Addis Ababa, ama Dubai, angoje hapo, kisha ndiyo aende. Wengine hupanda treni ya SGR saa 5 kwenda Nairobi ili wapande ndege itakayorudi juu ya kichwa cha mashariki ya nchi yao. Siku nzima imekwisha. Rula yasema hivi na tikiti yasema vyengine.

Na kungoja kwenyewe hakukuondoka, kumehama tu. Zamani ulingoja Aden ukiwa umeshatoka. Leo unangoja Kisauni ama Majengo kabla ya kutoka. Tangu mkutano wa mawaziri wa nchi za Kiislamu uliofanyika Amman mwaka 1988, kila nchi hupewa nafasi kwa kipimo cha hujaji 1 kwa kila Waislamu 1,000. Juu ya hapo kuna akiba ya pesa, ambayo kwa mama muuza mahamri huchukua miaka, si miezi 17. Nafaka na mafuta ya kuwaachia watoto yamepungua kwa sababu anaondoka wiki chache tu. Nauli na makaazi ndiyo yaliyopanda. Sharti la njia kuwa wazi nalo halikufutika: mwaka 2020 na 2021, kwa sababu ya korona, hakuna hujaji yeyote aliyeruhusiwa kutoka nje ya Saudia. Ndege zilikuwapo, marubani walikuwapo, na kilomita zilikuwa zile zile.

Karantini ya Kamaran leo imekuwa kitabu kidogo cha manjano. Mkenya huhitaji sindano ya homa ya uti wa mgongo na ya homa ya manjano, na zote mbili zidungwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika.

Mwaka 2025 Hija ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Inaendelea kurudi nyuma, na katika miaka ya 2030 itaingia Machi, kisha Februari. Hiyo ndiyo miaka ambayo nahodha wa zamani angewaambia watu wake wafunge mizigo kwenye demani ya mwaka uliotangulia, na waage vizuri. Atakayekwenda mwaka huo kwa ndege anahitaji kukumbuka ile sindano, siku 10 kabla.